Wewe Una Kiwanja?

Pale halmashauri walimwita Mnaarifiwa, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Lilitoka kwenye matangazo yake. Kila tangazo aliloandika lilianza na neno hilo hilo, na baada ya hapo, kama wewe ni mtu wa kawaida usiyeijua ofisi ile, kuelewa kilichofuata ilikuwa bahati yako. Wenzake walimtania kwenye korido, "Mnaarifiwa, leo unatuarifu nini?" naye alicheka kwa raha zake zote. Hakujua kama anachekwa. Alijiona amefika, tena amefika zamani sana.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya kwanza, mkabala na choo cha wanaume, kina dirisha moja lisilofunguka na feni iliyozunguka kwa kulalamika. Mezani palikuwa na kompyuta, muhuri wa mviringo na kopo la gundi iliyokauka, maana zamani, kabla hajapanda cheo, alikuwa akiyabandika matangazo kwa mikono yake mwenyewe. Aliingia humo kijana mwembamba, sasa ana kitambi, ana miwani, na kustaafu kunamchungulia. Kazi yake ilikuwa moja. Idara yoyote ikiwa na jambo la kuwaambia wananchi, ilimletea maelezo, yeye akayageuza kuwa tangazo. Maji yakikatwa, barabara ikifungwa, mbwa wakichanjwa, mwandishi ni yeye.

Sitaki kumwonea. Kazi aliijua kwa namna yake. Ukimpa maelezo yaliyoandikwa ovyo ovyo atayanyoosha, atayapiga pasi, atayavalisha na tai. Shida yake, tai ilikaza mpaka maelezo yakakosa pumzi. Mtu wa mtaani, yule atakayesimama juani na kikapu mkononi kusoma karatasi ukutani, hakuwahi kumwingia akilini hata siku moja. Aliandika kwa ajili ya wakubwa watakaotia saini, na wakubwa hao walilijua jambo lenyewe tayari, au walijifanya wanalijua.

Na pale ofisini palikuwa na tabia moja mbaya sana, ambayo ndiyo iliyoleta balaa hili lote. Kuuliza ilikuwa aibu. Ukisema "jamani, hiki maana yake nini?" watu walitazamana, na kesho yake unasikia kwenye korido kwamba hujui kazi. Kwa hiyo karatasi ilitembea meza hadi meza, kila mmoja akiitikia kwa kichwa na kutia saini yake, akiamini kwamba aliyetangulia ameelewa. Watu wazima, wana vitambulisho shingoni!

Huyu Mnaarifiwa hakulelewa na mama yake mzazi. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, akachukuliwa na Mama Mkubwa, dada wa marehemu, ambaye alikuwa na mtoto wake mmoja tu wa kiume. Watoto wale wawili walilala kitanda kimoja wakigombania shuka, wakala sahani moja, wakachapwa kwa kosa moja. Yule mwingine akaja kuwa fundi umeme, na mtaa mzima ukamwita Fundi. Umeme huo huo ndio uliomuua, juu ya nguzo, asubuhi moja ya manyunyu.

Walimzika makaburi ya zamani, mwisho kabisa, karibu na bomba la maji. Watu wote walipaita bombani. Ukisema umezika bombani, hakuna aliyekuuliza mara ya pili ni wapi. Mnaarifiwa ndiye aliyeshika jeneza upande wa kichwani, na udongo wa pale aliutoa kwenye kucha zake mwenyewe jioni ile.

Watu walipoanza kutawanyika, Mama Mkubwa alimshika mkono akamwonyesha kipande cha ardhi kilichobaki kati ya kaburi na ukuta.

"Pale panamtosha mtu mmoja mwembamba," alisema. "Wakati wangu ukifika, nilaze pale. Usikubali nipelekwe kwingine, hata wakisema nini. Niahidi, mwanangu."

"Nakuahidi, Mama."

Aliahidi huku machozi yanamtiririka, na aliahidi kwa dhati, hilo simnyimi. Kila mwaka siku ya kumbukumbu ya Fundi walikwenda wote wawili, yeye na jembe na ndoo, mama na kigoda chake. Mnaarifiwa alipalilia magugu, na Mama Mkubwa alikaa akampa marehemu habari za mtaani, nani kaoa, nani kaachika, nani kaota mvi na bado hajapata akili. Alicheka peke yake na kujijibu. Hakuwa na mtoto mwingine, hakuwa na mjukuu. Alikuwa na kaburi lile, na kile kipande cha ukutani alichokuwa akikisubiri bila hofu.

Basi mwaka mmoja ikaja karatasi kutoka Idara ya Ardhi na Mandhari. Naisema kama ilivyokuwa: "Zoezi la uhuishaji wa matumizi ya ardhi katika Eneo la Hifadhi ya Kudumu, Kitalu Namba Nne, litatekelezwa. Wenye maslahi wawasilishe uthibitisho ndani ya miezi mitatu. Vinginevyo vilivyomo vitahamishiwa Eneo la Pamoja."

Umeelewa? Hata mimi nilitoka kapa. Katika maneno yote hayo hakuna kaburi, hakuna marehemu, hakuna bomba. Eneo la Hifadhi ya Kudumu ndilo jina walilolipa makaburi kwenye ramani zao, kwa sababu kuna mkubwa mmoja aliona neno makaburi linatia unyonge kwenye vikao. Kitalu Namba Nne ndiyo bombani. Lakini hayo waliyajua wale wachache wanaokaa na ramani, na wao hawakuona haja ya kumweleza mtu, maana kwao yalikuwa wazi kama mchana.

Mnaarifiwa aliisoma karatasi ile akaipenda. Alibadilisha "litatekelezwa" ikawa "linatarajiwa kutekelezwa", akaweka neno lake la siku zote mwanzoni, akamalizia na "kwa mujibu wa sheria ndogo". Je, alijua Kitalu Namba Nne ni wapi? Hakujua! Alidhani ni mambo ya viwanja, basi. Simu ilikuwa pembeni ya kiwiko chake. Idara yenyewe ilikuwa chini ya ngazi, angeinamia ukingo wa ngazi akauliza kwa sauti wangemjibu. Lakini wapi! Mtu mzima kama yeye, mkongwe wa ofisi, aonekane anauliza kitalu kiko wapi? Akapiga muhuri. Mwanasheria akatia saini, bosi wa utawala akatia saini, wabandikaji wakachukua gundi zao wakaenda.

Siku chache baadaye Mama Mkubwa akampigia simu. Alikuwa ametoka sokoni, njia yake inapita makaburini.

"Mwanangu, kuna karatasi hapa getini ina muhuri wenu. Nimeisoma mara mbili, na miwani nimevaa, sijaambulia kitu. Inasema nini?"

"Inaanzaje, Mama?"

"Inaanza mnaarifiwa."

Akacheka. "Zote zinaanza hivyo."

"Hii ina kitalu, ina maslahi, ina sijui uhu... uhuishaji."

"Aa, hiyo! Hiyo mambo ya ardhi. Tumebandika kila penye ukuta, hata mlango wa choo cha sokoni ipo."

"Sasa hapa makaburini wanatafuta nini?"

"Mama, wewe una kiwanja?"

"Kiwanja nikitoe wapi mimi?"

"Basi halikuhusu. Nenda nyumbani upumzike, jua kali hilo."

"Haya, kama umesema wewe," alijibu Mama Mkubwa. "Wewe ndiye mwenye ofisi."

Akaenda zake moyo mweupe, na Mnaarifiwa akarudi kwenye chai yake. Kila nikifika hapa nasikia mkono unaniwasha, natamani kumzaba kibao. Mama yule aliona. Alisimama mahali penyewe, akashuku jambo lenyewe, akamuuliza mtu mwenyewe aliyeliandika! Angeambiwa tu "sijui, ngoja niulize", mengine yote yasingetokea.

Miezi ikapita. Siku ya kumbukumbu ikafika, wakatoka na jembe lao, ndoo yao na kigoda chao. Walipita makaburi ya mbele, wakapita ya katikati, Mama Mkubwa akiwa ametangulia kwa sababu njia ile angeipita hata akiwa amefumba macho. Kisha akasimama ghafla, Mnaarifiwa nusura amgonge kwa ndoo.

Bomba lilikuwepo, linadondosha maji kama siku zote. Nyuma yake hapakuwa na kaburi hata moja. Ardhi ilikuwa imesawazishwa na kumwagiwa kifusi, vigingi vimepigwa, kamba zimevutwa kuonyesha maegesho ya magari yatakapoanzia na yatakapoishia. Kwenye kona, vibao vya makaburi vilikuwa vimerundikwa kama kuni.

"Tumepotea," alisema Mama Mkubwa. "Tumeingia njia siyo."

Mnaarifiwa aliweka ndoo chini. Alikuwa ameona kibao kipya cha mbao kwenye kigingi cha kwanza. Kiliandikwa kwa rangi nyeusi, Kitalu Namba Nne, maneno yale yale aliyoyapigia muhuri.

Mlinzi wa makaburi aliwaona akaja, amevua kofia.

"Shikamoo, mama. Mnamtafuta nani?"

"Marahaba. Namtafuta mwanangu. Alikuwa hapa."

Mlinzi alimtazama Mnaarifiwa, kama mtu anayeomba asaidiwe kusema. Hakusaidiwa. Basi akaeleza mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba wote wa bombani wamefukuliwa, wamewekwa shimo moja kule nyuma ya ukuta, na pale nyuma hakuna majina, huwezi kujua nani ni nani. Familia moja tu ndiyo iliyowahi kuja kumchukua mtu wao, na hiyo ilikuwa familia ya ofisa wa ardhi.

"Mbona sisi hatukuambiwa?" aliuliza Mama Mkubwa.

"Tangazo lilikuwepo, mama. Mpaka leo liko getini. Mimi mwenyewe nililisoma nikadhani wanataka kupanda miti."

Mama Mkubwa aligeuka akaanza kurudi getini. Karatasi ilikuwa imepauka kwa mvua, lakini maandishi yalisomeka. Akaweka kigoda chake chini, akakaa mbele yake.

"Nisomee."

"Mama, twende nyumbani kwanza."

"Nimesema nisomee. Wewe ndiye msomi."

Akasoma. Alisoma maneno yake mwenyewe kuanzia mnaarifiwa hadi sheria ndogo.

"Neno kaburi liko wapi hapo?"

"Halimo, Mama."

"Na mwanangu? Mwanangu katajwa wapi?"

Mnaarifiwa aliweka kidole kwenye karatasi. "Hapo penye 'vilivyomo'."

Mama Mkubwa aliitazama karatasi ile. Watu waliingia na kutoka getini, wakamsalimia, hakuwaitikia. Hakuuliza nani kaandika. Alimlea yeye, namna yake ya kuandika aliijua tangu alipokuwa mtoto akiandika ukutani kwa mkaa.

"Nilikupigia simu nikakuuliza," alisema mwishowe.

"Sikujua, Mama. Wallahi sikujua."

"Hukujua, na ukaniambia halinihusu."

Akainuka, akabeba kigoda chake mwenyewe, akakataa kushikwa mkono. Mnaarifiwa akamfuata kwa nyuma na jembe lililo safi, halijagusa udongo. Nyumbani mama alilipokea jembe lile, akaliweka nyuma ya mlango, akaingia kujilaza mchana ule ule. Habari zikaenea. Waliozika bombani walikuwa wengi, na kila aliyesikia alikwenda kuona kwa macho yake, na kila aliyeona alikwenda halmashauri.

Wakajaa chini ya dirisha lile lisilofunguka, wanaume kwa wanawake, wengine wamebeba vibao walivyoviokota kwenye lile rundo. Bosi wa utawala akamwita Mnaarifiwa ofisini kwake, jasho linamtoka.

"Unawaona wale? Wakikaa hapo mpaka kesho watatuchomea jengo. Andika taarifa kwa umma, sasa hivi. Na safari hii nisikilize vizuri. Lugha nyepesi. Sentensi fupi fupi. Anayesoma ni mtu wa mtaani, hajui idara wala kitalu. Asome mara moja, aelewe."

Mnaarifiwa alisimama akimtazama. Muda wote aliokaa kazini, hakuna mkubwa aliyewahi kumwambia maneno hayo. Yangesemwa miezi michache nyuma, Fundi angekuwa amelala mahali pake.

Alirudi chumbani kwake, akaandika bila kufuta hata neno: "Tumefukua makaburi ya bombani. Tangazo letu la kwanza halikutaja makaburi, kwa hiyo hamkuweza kujua. Kosa ni letu. Tunaomba radhi. Njooni tukae, tuone jinsi ya kuwatambua ndugu zenu." Alipomaliza alihisi kifua kimefunguka. Akaipeleka.

Bosi alisoma, uso ukabadilika. "Wewe umechanganyikiwa? Hii ni ya kutupeleka mahakamani sote!" Akaichana vipande viwili. "Lugha ndiyo hii hii, nimeipenda. Badilisha maneno. Waambie tangazo lilitoka. Waambie hawakuja. Waambie hawana wanachodai. Kwisha."

"Bosi, mmoja wa waliofukuliwa ni kaka yangu."

"Pole sana. Lakini tangazo la kwanza nani kaliandika?"

"Na wewe ulitia saini, bosi."

"Nilitia saini kwa kukuamini wewe. Hili likienda kombo, wa kwanza kumwaga unga ni wewe, na kiinua mgongo uende ukakiote usingizini. Nataka mchana huu."

Alimpigia simu mkewe, naye akasikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu, hakumpa moyo. "Kabla hujaandika," alimwambia, "nenda kamwone Mama." Kutoka ofisini hadi kwa Mama Mkubwa ni mwendo wa kupita soko tu na kukunja kona. Hakwenda. Alijiambia atakwenda akimaliza.

Akaandika. Na hapa ndipo roho inaponiuma kabisa, kwa sababu aliandika vizuri. Mikono iliyoshindwa maisha yote kumwambia mtu barabara imefungwa upande gani, siku hiyo iliandika hivi: "Makaburi ya bombani yamehamishwa. Tulitoa tangazo miezi mitatu kabla. Lilibandikwa getini, kila mtu aliliona. Ambao hawakuja wamejitakia wenyewe. Waliohamishwa hawatarudishwa. Msije ofisini kuuliza." Huwezi kuongeza neno, huwezi kupunguza. Na neno mnaarifiwa hakuliweka.

"Safi kabisa!" alisema bosi, akampiga piga begani. "Hata mpishi wangu ataelewa."

Safari hii hawakuishia kwenye gundi. Gari la matangazo lilizunguka mitaani tangu asubuhi ya siku iliyofuata, spika mbili juu ya paa, likayasoma maneno yale taratibu mlango kwa mlango. Waliokuwa chini ya dirisha wakasikiliza. Wakaelewa. Wengine walitukana, wengine walilia, na mwishowe wakatawanyika, maana wafanye nini.

Mnaarifiwa alikwenda kwa Mama Mkubwa siku ya mapumziko. Alimkuta mlangoni amekaa kwenye kigoda, miwani usoni, karatasi mapajani. Alikuwa ameibandua mwenyewe ukutani, kona moja ilikuwa imechanika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa."

Hapakuwa na pa kukaa, akachuchumaa.

"Hili nimelisoma mwenyewe," alisema Mama Mkubwa. "Sikumpigia mtu simu. Hapa mnasema nimejitakia. Hapa mnasema mwanangu harudi. Na hapa mnasema nisije kuuliza. Nimekosea?"

"Hujakosea. Lakini Mama, bosi ndiye aliye..."

"Sijamaliza." Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa nguo. "Siku ile tulipotoka makaburini sikulala. Nikajiuliza, huyu mtoto nimemlea vipi? Halafu nikajijibu, masikini, hajui. Ndivyo alivyofundishwa huko ofisini, hajui kusema na watu. Asiyejua nitamlaumu vipi? Nikakusamehe, mwanangu. Nilikuwa nakusubiri uje nikwambie."

Akaikunja karatasi mara mbili, akampa.

"Kumbe unajua kuandika."

Mnaarifiwa alitaka kumshika miguu, mama akaisogeza. Akaanza kusema kuhusu ahadi, kwamba atatafuta mahali pengine pazuri, kwamba atasimamia mwenyewe kila kitu.

"Jembe liko nyuma ya mlango, ondoka nalo," alimkata. "Na siku yangu ikifika, waachie majirani. Wao watapita kwenye milango waseme, yule mama kafa, anazikwa mahali fulani, njooni. Watu watajua pa kwenda."

Alichukua jembe akatoka. Kwenye kona ya soko alikutana na lile gari la matangazo, bado linazunguka, bado linasoma maneno yake. Akapisha pembeni ukutani, na jembe lake begani, mpaka likapita.